Madirisha ya Baba Mkwe

Nimetema mate mara nyingi kabla ya kushika kalamu leo, na bado mdomo wangu una ladha ya mafuta ya kondoo. Kama unasoma gazeti hili ukila, weka sahani kando kwanza. Nakuambia kwa wema tu.

Wale mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoachia. Mbuzi mmoja wa ntheo, wale mbuzi ambao sisi Wakamba tunapeleka kwa wazazi wa msichana ili ndoa ishike, alifia zizini mwa baba mkwe wangu huko Tulia. Ilikuwa themanini na nne, mwaka wa ukame, na mifugo ya kila mtu ilikuwa inaanguka. Lakini Mzee Nzomo akasema mimi nilimletea mzoga. Akasema ntheo imeharibika, kwa hivyo binti yake hajaolewa. Akaja na pikapu yake mpaka nyumba yetu ya kupanga pale Kitui mjini, akamchukua Ndinda wangu mchana kweupe, yeye na sufuria zake.

Nilipeleka mbuzi mwingine, akamrudisha. Nikatuma wazee. Wakanywa chai yake, wakarudi wakisema ni mtu mgumu.

Na wewe uliyeanza kusoma leo, usijali, habari yote ni hiyo. Nilikuwa na mke, na nilitaka arudi nyumbani.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kupima madirisha. Usicheke. Jengo likiisha, kabla mwenyewe hajalipokea, ofisi yetu ilinituma nikalimwagie maji. Tunaning'iniza bomba lenye matundu mbele ya dirisha, pampu inasukuma maji yapige kioo na fremu kama mvua ya upepo, halafu mimi nasimama ndani na tochi na chaki. Maji yakipenya, naweka alama pale yanapotokea. Unaanzia chini, kwenye kizingiti, kisha unapanda polepole, kiungo kwa kiungo. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua mwizi ni nani.

Basi asubuhi moja ofisi ikaniambia niende Emali. Kuna jengo jipya la ghorofa karibu na stesheni ya reli, la mama mfanyabiashara anayeitwa Nadifa.

"Kontrakta ni nani?" nikauliza.

"Mzee mmoja wa Tulia. Nzomo."

Nikatafuta kiti nikaketi.

Nilipofika Emali, nilimkuta kwenye hoteli ya sokoni, mbele yake bakuli la supu ya kichwa. Ni mzee wa kanisa, mtu wa kuomba kabla ya kula na kuomba tena akishamaliza. Alikuwa ananyonya mfupa mpaka unalia.

"Mkwe wangu!" akaniita kwa sauti ya juu.

Mwezi uliopita nilikuwa mleta mizoga. Leo nimekuwa mkwe.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Keti. Kula."

"Nimeshiba."

"Ndinda anakusalimu sana. Yuko kule Tulia, anakonda tu. Kila siku ni kulia. Mimi ni mzazi, naumia." Akatupa mfupa chini ya meza. "Unaweza kumchukua leo. Mambo ya ile mbuzi mimi nimesamehe."

Moyo wangu uliruka, sitakuficha. "Asante, Baba! Nikimaliza kazi tu, napanda gari mpaka Tulia."

"Ukimaliza vizuri. Madirisha yangu ni mazuri. Yatapita."

"Yakiwa mazuri, yatapita."

"Hujanisikia." Akanishika mkono kwa vidole vile vya mafuta, akaubana. "Yatapita, na Ndinda atarudi kwako. Yasipopita, basi yule mbuzi bado amekufa."

Akafumba macho, akaomba, akatoka. Mimi nikabaki nikiangalia mkono wangu unavyong'aa. Niliomba maji ya kunawa. Mwenye hoteli akanionyesha birika tupu, akaniambia ningoje punda arudi kutoka mtoni.

Kwenye jengo nilimkuta Mama Nadifa mlangoni. Ni mjane mrefu, amehama na biashara yake kutoka upande wa Garissa, na maneno yake hayana sukari.

"Fundi, nimeambiwa kontrakta huyu ni baba mkwe wako."

"Ni kweli, Mama. Ukitaka mtu mwingine, ofisi italeta."

"Mtu mwingine atafika mvua ikiwa imeshaingia. Huko juu naweka vitambaa na unga. Vikilowa, mimi nimekwisha." Akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. "Pima. Mimi niko hapa hapa."

Mwenzangu Muli alikuwa ameshafika na trekta, amevuta tangi la maji kutoka Mto Kiboko. Tukawasha pampu, tukaanza na madirisha ya chini.

Kumbe kosa letu lilikuwa kumwaga maji mbele ya watu wenye kiu. Kufumba na kufumbua, wanawake wa Emali walikuwa wamejaa pale na madebe yao.

"Wewe! Unaosha ukuta na watoto wetu hawana maji ya uji?"

"Si kuosha, Mama, ni kupima."

"Kupima nini? Kama ni maji, ndiyo hayo. Mpe Kalondu akupimie!"

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na hasira. Niliona aibu. Niliwaambia wapange madebe yao chini ya ukuta, wakinge yanayoteremka. Wakashangilia. Kalondu, mama wa kuuza mboga, ndiye aliyepata mahali pazuri.

Madirisha ya chini yalikuwa safi. Niliingia ndani, nikamulika, nikapapasa kila kona, hakuna hata tone. Mama Nadifa alikuwa anaketi hapo chini kila siku wakati mafundi wanafunga vioo, ndiyo sababu. Lakini mimi wakati huo sikufikiria hivyo. Mimi nilishajiona niko Tulia, nafunga sanduku la Ndinda kwa kamba.

Muli akapandisha bomba juu.

Maji yalipiga dirisha la kwanza la ghorofani kwa muda mfupi tu. Halafu nikasikia Kalondu anapiga kelele.

"Aiyaa! Haya maji yana nini?"

Akainamia debe lake, akanusa, akatema. Mwingine akanusa lake, akaziba pua na leso. Nikakimbia kuangalia. Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta, na juu ya utando kulikuwa na sisimizi wamekufa, na vipande vyeupe laini vinavyoelea.

"Hii ni mnyama," Kalondu akasema. "Hii ni mafuta ya kondoo iliyooza. Mnatukingisha uchafu!"

Wakamwaga. Katika mwaka ule, katika Emali ile, wanawake walimwaga maji. Nilipanda ngazi ya Muli kwa haraka nijionee mwenyewe.

Kioo kinashikwa kwenye fremu ya chuma kwa pati. Pati ni unga wa chokaa nyeupe uliokandwa na mafuta ya kitani, na ikikauka inakuwa ngumu kama jiwe. Hii niliyoikuta nilipoigusa ilinifuata kidoleni. Nzomo alikuwa ameikanda na mafuta ya kondoo kutoka machinjioni! Jua la Emali likaiyeyusha, panya wakaitafuna, sisimizi wakaibeba kwenda kwao. Nilisukuma kidole, kikapenya kati ya kioo na chuma. Nilipokivuta, kilitoka na funza.

Nikatapika pale pale juu ya ngazi. Muli akaruka kando akinitukana.

Nilipoteremka, Nzomo alikuwa chini amekunja mikono. Nilimwambia kwa sauti ya chini, maana hata kwa hasira yule alikuwa baba wa mke wangu.

"Mzee, umefanya nini hapa?"

"Nimefanya nini?"

"Inanuka."

"Kunuka si kuvuja," akasema. "Ofisi yako inauliza kama inanuka? Inauliza maji yameingia ndani au hayajaingia. Nenda uangalie, kijana wangu. Nenda."

Na kweli, ofisi iliuliza hivyo tu. Nikachukua tochi na chaki, nikaingia, nikapanda ngazi ya saruji. Nzomo akanifuata akihema. Pale juu, mlango wa chumba cha kwanza ulikuwa umefungwa. Nikashika kitasa.

"Ingia tu," Nzomo akasema nyuma yangu. "Lakini ujue mama mkwe wako yuko ndani."

Nikaachia kitasa kama kimeniunguza.

Kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze. Sisi tuna nthoni. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Huketi chumba kimoja naye, humpi mkono, hata jina lake hulitaji. Ukivunja nthoni unatafuta mbuzi wa kulipia aibu hiyo, na mwaka ule mbuzi walikuwa wapi? Tangu nioe, nilikuwa nimeona mgongo wa mama mkwe wangu tu, na leso yake. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikinisemesha. Ilikuwa ni heshima, na niliipenda. Nilikuwa naona inatufanya sisi watu.

"Amekuja kufanya nini hapa, Mzee?"

"Kuliombea jengo."

"Basi atoke kidogo, niangalie dirisha, halafu arudi."

"Mtu anaongea na Mungu, wewe unataka nimkatize?" Nzomo akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nenda chumba cha pili."

Nikatokeza kichwa kwenye kidirisha cha ngazi, nikamwambia Muli asogeze bomba kwenye dirisha la pili. Akasogeza, maji yakaanza kupiga. Nikaenda kwenye mlango wa pili.

"Amehamia hapo sasa," Nzomo akasema. "Kuna mlango wa katikati. Anaomba chumba kwa chumba."

Tukasogeza la tatu, na mama mkwe akawa chumba cha tatu. Kila dirisha lililopigwa maji, mama mkwe wangu yuko nyuma yake anaomba!

Nikaweka sikio kwenye mlango. Maombi hayakuwepo. Nilichosikia ni tambara linakokotwa kwenye sakafu, halafu linakamuliwa, halafu maji yanatiririka ndani ya karai. Linakokotwa tena, linakamuliwa tena, haraka haraka, na mtu anahema.

Jamani. Nimeona uchafu mwingi katika kazi hii. Nimekuta kontrakta aliyeziba ufa kwa gazeti na rangi. Lakini mtu kumchukua mke wake, mama wa watoto wake, akamtia ndani ya chumba kinachonuka mzoga, magoti chini na tambara mkononi, kwa sababu anajua mkwe ana adabu na hataingia! Alichukua heshima yetu akaitumia kuziba dirisha. Funza wale wa nje walikuwa wasafi kuliko yeye.

"Mzee, huna haya?"

"Haya ni wewe unayo," akanijibu. "Ndiyo maana huingii."

Akasogea karibu, pumzi ya supu ikanipiga usoni. "Sema yamepita, twende chini. Jioni Ndinda ni wako."

"Nani yuko ndani?"

Mama Nadifa alikuwa amepanda bila sisi kusikia. Ameinua pindo la nguo yake mkono mmoja, mkono mwingine ameziba pua.

"Ni mke wangu, Mama," Nzomo akasema haraka. "Na huyu ni mkwe wetu. Mila yetu haimruhusu kuingia mahali yupo. Lakini nje ameshaona, ametosheka. Ama namna gani, Ndolo?"

"Hiyo mila inanikataza mimi?" Mama Nadifa akauliza.

"Hapana, lakini..."

Hakumaliza. Mlango ulifunguka kutoka ndani.

Nikageuza uso ukutani kwa haraka, kama nilivyofundishwa. Lakini jicho la pembeni halifundishiki. Niliona leso imefunika kichwa na uso, niliona mikono miwili imekumbatia karai kubwa la fundi, na karai limejaa pomoni. Yeye pia alikuwa amenigeuzia mgongo, anatembea kinyumenyume ili asinitazame.

Hakusema na mimi. Hakusema na Mama Nadifa. Alisema na mume wake.

"Nzomo, karai limejaa. Nimwage wapi?"

Huko chini pampu ilikuwa bado inanguruma.

"Hayo ni maji gani?" Mama Nadifa akauliza.

"Ya kunywa!" Nzomo akaruka. "Ni maji yao ya kunywa. Walikuja nayo. Ukame huu, mtu hatembei bila maji."

Mama Nadifa akaangalia ndani ya karai. Mafuta, sisimizi, chokaa.

"Kama ni ya kunywa," akasema, "kunywa."

Nilidhani atacheka. Nilidhani atasema amekosea, ni mzee, asamehewe. Wapi! Nzomo alimpokonya mke wake karai, akaliinua kwa mikono miwili, akanywa. Nilisikia koo lake likimeza. Alimeza tena. Alipoteremsha karai, sharubu zake zilikuwa nyeupe kwa mafuta, na sisimizi mmoja alikuwa amenasa kwenye ndevu.

"Maji matamu," akasema. Macho yake yalikuwa yanatoka machozi.

Niliinama nisimtazame. Na hapo, msomaji wangu, nikiwa nimeinama nimeshika ukuta, ndipo nilipoona miguu mingine mlangoni. Miguu mitupu, iliyolowa. Niliijua miguu hiyo. Kidole kidogo cha kushoto kina kovu la jembe.

"Ndinda?"

Alikuwa amesimama pale na tambara mkononi, gauni limelowa kuanzia magotini kwenda chini, linadondosha maji sakafuni. Mafuta yalikuwa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kwa maji. Kumbe Tulia alikokuwa anakonda ni hapa, ukuta mmoja kutoka kwangu.

"Mzee, umeniambia yuko Tulia!"

Nzomo alikuwa anajipangusa sharubu. Alimrudishia mke wake karai, naye akashuka nalo ngazi akalimwage.

Mama Nadifa akamwendea Ndinda. Sauti yake ilikuwa ya upole kidogo, ya mama. "Wewe ni binti wa huyu mzee?"

"Ndiyo."

"Na ni mke wa huyu fundi?"

"Ndiyo."

"Niambie ukweli basi. Maji yameingia humo ndani?"

Nilimtazama mke wangu. Na yeye alinitazama, na katika macho yake niliona furaha. Furaha, katika uvundo ule! Aliamini tumeshafika. Baadaye nilikuja kuelewa alichoambiwa na baba yake: pangusa vizuri leo, na jioni unarudi kwa mume wako. Alikuwa amekamua tambara lile kwa moyo wake wote, kwa sababu kila tone alilofuta lilikuwa linamsogeza nyumbani.

"Hakuna maji, Mama," akasema. "Tulikuwa tunapiga deki tu."

Gauni lake likaendelea kudondosha.

"Si nilikuambia?" Nzomo akasema, na mafuta yakamkwama kooni, akakohoa.

Mama Nadifa alinigeukia mimi. "Fundi, mimi ni mgeni wa mila zenu. Mzee amesema, binti amesema. Nataka neno lako sasa. Yamepita?"

Ndinda akanisogelea. "Ndolo," akanong'ona, "sema. Twende nyumbani."

Nyinyi mnaonijua mnafikiri nilijibu mara moja. Sikujibu. Nilimwona jikoni kwetu Kitui, ananiuliza kama chai ina majani ya kutosha. Neno moja tu, na jioni ile ningekuwa nakunywa chai hiyo. Mdomo wangu ulifunguka kabisa kusema yamepita.

Halafu nikaona mikono yake. Nikafikiria mvua ya kwanza. Unga wa Mama Nadifa umelowa, vitambaa vimeoza, na Nzomo anakuja kwetu na pikapu tena, na mara hii ana sababu: njoo, Ndinda, madirisha yanavuja, njoo ukamue. Na mvua ya pili vilevile. Angemfanya mke wangu tambara la jengo hili mpaka azeeke, na mimi ndiye ningekuwa nimesema sawa. Kinyaa kilinipanda kutoka kwenye nyayo.

"Yamevuja," nikasema. "Yote ya juu. Vioo vyote vitolewe, pati ichunwe yote, ianze upya."

"Nimesikia," Mama Nadifa akasema. Akachukua tochi yangu, akaingia chumbani kujionea.

Nilitaka kumweleza Ndinda. Wallahi nilitaka, maneno yalikuwa yamejipanga. Lakini alikuwa ananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekunywa lile karai.

"Nimekupigia magoti kwenye uchafu tangu asubuhi," akasema. "Nimesema uongo mbele ya watu, mimi, niliyekulia kanisani. Kwa ajili yako."

"Ndinda, nisikilize. Ni wewe niliyekuwa nafikiria..."

"Hata mimi umenipima."

Akaniwekea tambara mkononi. Lilikuwa zito, la baridi, linanuka. Kisha akageuka, akashuka ngazi, na Nzomo nyuma yake akikohoa na kucheka pamoja.

"Umeona mume wako?" nikamsikia anamwambia. "Umeona anavyokutaka? Twende. Kuna mtu Tseikuru mwenye ng'ombe, ameniuliza habari yako. Tunapita huko huko leo."

Tseikuru! Kutoka Emali ni safari ya kuzeesha mtu. Nilitupa tambara, nikakimbilia ngazi.

Nikasimama ghafla.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi katikati ya ngazi. Alikuwa amechoka, nadhani, au magoti yalikuwa yamekataa. Ameketi na karai tupu mapajani, mgongo kwangu, leso kichwani. Ngazi ile ni nyembamba, ukuta huku na ukuta huku. Ili nipite ingebidi nimguse kwa mguu.

Njiani ningeingia kichakani. Kwenye ngazi ya saruji, kichaka kiko wapi?

Chini nilisikia mlango wa pikapu ukifungwa. Nikasikia mwingine. Nikasikia Ndinda analia, na Nzomo anamwambia anyamaze.

"Muli!" nikapiga kelele. "Muli, zuia hiyo gari!"

Pampu ilikuwa inanguruma, na Muli hakusikia kitu. Nikaenda kwenye kidirisha cha ngazi. Muli alikuwa amenipa mgongo, na pale hata mtoto asingepenya. Nikarudi. Mguu wangu ulikuwa juu ya ngazi ya kwanza, na nthoni yote ya baba yangu na babu yangu imenishika shati. Nilimwogopa mama yule mchovu kuliko nilivyomwogopa mume wake.

Pikapu ikakoroma, ikazima. Ilikuwa mbovu kuwaka, siku zote. Ikakoroma tena.

Hapo mama mkwe wangu akateremsha karai, akaliweka kando. Hakugeuka. Akaivuta leso yake ikafunika uso wote, akajibana na ukuta mpaka bega lake likawa linakwaruza saruji. Na kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake, alisema na mimi.

"Mwanangu," akasema, "mimi si ukuta."

Pikapu ikawaka. Nami nikainua mguu.